UZI: Msimu wa korosho ndo msimu wa harusi. Maisha ya mpigapicha wa Mtwara na bahari ninayoiiba asubuhi

Mzee wa Fleshi

Wakuu habari za jioni. Kuna mdau alinifuata pembeni akaniuliza eti kazi ya picha huku Mtwara inalipa au tunajifurahisha tu na kamera shingoni, nikaanza kumjibu, meseji ikawa ndefu kama foleni ya malori ya korosho ghalani, nikaona isiwe tabu naimwaga hapa tusome wote. Naandika kwa awamu maana nasubiri picha za juzi ziingie kwenye hadi disiki na hii laptopu ikizidiwa inagoma kama punda.

Kwanza mjue kitu kimoja, kalenda ya mpigapicha wa huku haipangwi na Pasaka wala mwaka mpya, inapangwa na mnada. Korosho zinaokotwa, zinaenda AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinapanda ghala kuu, zinasubiri mnada, siku hizi mnada unaenda kwa mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la mtandaoni, wakulima wanakaa pale wanasikiliza bei kama watu wanaosikiliza mpira redioni mpaka mishipa ya shingo imewatoka. Wakiridhia bei, siku kadhaa baadae hela inaingia benki. Na hela ikishaingia benki simu yangu ndo inaanza kuita. Aliyechumbia tangu mwezi wa tatu anataka kuoa wiki ijayo. Mwenye binti anataka kumcheza binti yake unyago. Aliyejenga anataka picha mbele ya bati jipya. Hata yule mzee aliyekuwa hataki kabisa habari za picha anataka apigwe juu ya pikipiki ambayo siti yake bado ina nailoni ya dukani.

Kwa hiyo kuanzia mwezi wa kumi mpaka katikati ya Januari mimi Jumamosi sina. Ijumaa sina, Jumapili sina. Mama yangu mzazi akitaka kuniona anaangalia kwanza ratiba ya minada.

Na mnada ukiyumba na mimi nayumba. Msimu wa 2018 mnakumbuka, wanunuzi walikuja na bei ambayo wakulima waliikataa, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo na jeshi likaingia kubeba mzigo. Bei ilikuwa tamu, ila wengi malipo yao yalichelewa na harusi haifungwi kwa bei, inafungwa kwa hela mkononi. Nilikuwa na harusi kumi na moja kwenye daftari, zikafungwa nne. Zile saba nyingine wengine walioana kimya kimya kwa shekhe wakaniambia kaka tutapiga picha hela ikitoka, wengine mpaka leo wana watoto wawili na picha hatujapiga. Mwaka ule ndo nikajua maana ya kuchukua advansi. Halafu 2024 bei ikavuka 4,000 kwenye minada ya mwanzo, aisee, kuna wikiendi moja nilipiga Newala Ijumaa, Masasi Jumamosi, na Jumapili nikarudi Mtwara mjini nina macho mekundu mpaka bwana harusi akaniuliza mwalimu umekunywa uraka, ile pombe ya mabibo?

Sikunywa. Ilikuwa vumbi na usingizi.

Naweka picha kwenye disiki nyingine alafu narudi.

Kangomba Mstaafu

Tuliza mshono mkuu, tiririka. Nimekaa hapa na sahani ya ming'oko sitoki. Swali dogo, hujawahi kulipwa kwa korosho? Maana sie enzi zetu kila kitu kilikuwa kinalipwa kwa korosho mpaka soda.

Mzee wa Fleshi

@Kangomba Mstaafu hahaha jina lako tu ni ushahidi mahakamani. Nimeshapewa ofa hizo sana. "Kaka nikupe kilo mia mbili sasa hivi mti haujaangusha, uje uchukue mwezi wa kumi na moja." Hiyo si ndo kangomba yenyewe hiyo, kumlalia mkulima nje ya mnada, nimnyonye korosho ikiwa bado ua? Hapana. Mi nataka nusu mbele kwa simu, nusu siku nakabidhi. Mtu akiniambia "nitakulipa mnada wa tatu" nam-andika kwa penseli, aliyetoa advansi namwandika kwa kalamu. Daftari langu ukiliona ni penseli tupu.

Narudi kwenye mada. Safari.

Watu wanadhani kazi ni kubofya tu. Kazi ni barabara. Mtwara kwenda Masasi ni kama kilomita 200, unapita Mikindani, unaingia Lindi unakata kona Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda, ndo Masasi. Harusi ya kanisani inaanza saa nne asubuhi kwa hiyo ama ulale huko ama utoke Mtwara saa tisa usiku. Mi nalala huko, na nalala na begi la kamera nimelikumbatia kama mke. Newala ni habari nyingine, kule juu uwandani asubuhi kuna ukungu na baridi, unatoka chini pwani umevaa fulana unafika unatetemeka. Lenzi zinatoa jasho. Yaani kile kitu kinachotokea ukitoa soda kwenye friji ndo hicho hicho, kioo kimepoa huko nje, ukiingia nyumba iliyojaa watu kinakutana na hewa ya joto yenye unyevu kinajaa ukungu. Nilishapoteza picha za bibi harusi kutoka nyumbani kwao kwa sababu hiyo, kila nikifuta inarudi, kila nikifuta inarudi, mama yake bibi harusi ananiangalia kwa jicho la "huyu tumemtoa wapi". Sasa hivi begi naliingiza ndani nusu saa kabla, zipu imefungwa, lenzi izoee taratibu humo humo ndani. Ila Newala kuna zawadi yake, ukimaliza kanisani unawapeleka maharusi Shimo la Mungu, pale ukingoni, bonde la Ruvuma liko chini na Msumbiji ile kule, hata mpigapicha mbovu pale anatoka na picha.

Alafu kuna jua. Hapa nisikilizeni vizuri hasa mnaokuja na kamera kutoka Dar mnatushangaa. Sisi tupo digrii 10 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, kwenye tarehe 20 Oktoba hivi na tena Februari kama tarehe 20 na kitu. Ile ya Oktoba ndo harusi zinafunguka. Bibi harusi anatoka saa sita na nusu mchana, kivuli chake chote kimejikunja miguuni kama paka, macho yamekuwa mashimo mawili, pua inatupa kivuli juu ya mdomo. Unampelekea albamu anakuuliza kaka mbona nimeota masharubu.

Dawa yangu ni mkorosho. Studio yangu ni mkorosho wakuu na sina aibu. Mkorosho hautanui juu kama mnazi, unainama, matawi yanakaribia kugusa chini, ndani yake kivuli kizito. Usimwingize mtu katikati maana huko ni giza na majani yanatoboka, atatoka na madoa ya jua usoni kama chui. Msimamishe pembeni kabisa ya kivuli, uso unatazama kwenye uwazi, ule mchanga mweupe wa uwanjani unamrudishia mwanga toka chini kwenye macho. Tatizo lake moja ni kijani, majani yanatia ukijani kwenye shela jeupe na hata kwenye ngozi, kwa hiyo rangi weka mwenyewe kwenye kamera usiiachie iamue. Na pima mwanga kwenye uso, usipime kwenye shela. Ukipima kwenye shela kamera inaogopa weupe inafifisha kila kitu na bibi harusi wa kimakonde mwenye ngozi yake nzuri ya mpingo anageuka kivuli. Shela likipitiliza kidogo hakuna atakayekudai, sura ikipotea utadaiwa mpaka kiyama.

Mgeni wa Bara

Uzi mtamu. Mkuu kamera gani unatumia? Na mtu akitaka kuanza anunue ipi?

Mzee wa Fleshi

@Mgeni wa Bara hili swali nilikuwa nalisubiri, ni kama kumuuliza mpishi sufuria gani. Nina Canon mbili za mtumba. Mbili ni lazima sio ufahari, moja ikifa katikati ya nikaha huwezi kumwambia shekhe rudia. Lenzi ya milimita 35 na ya 85 zinafungua mpaka 1.8, fleshi mbili za Godox, betri sita. Ukianza, nunua bodi ya kawaida yenye sehemu mbili za memori kadi, hela iliyobaki weka kwenye lenzi na kwenye hadi disiki. Mimi harusi moja inakaa sehemu tatu, disiki ya nyumbani, disiki ya kwa dada yangu, na kadi zenyewe sizifuti mpaka mteja asaini amepokea. Nimechapwa na hili nilishawahi, sitaki hata kusimulia.

Binti Mikindani

Kaka Mzee wa Fleshi salama? Naona umetaja kumcheza binti ukapita haraka haraka kama unaogopa, na bora uogope 😂 Mi pia napiga picha, huku Mikindani na vijijini, na niwaambie wenzangu wanaume ukweli, unyagoni hamna nafasi. Yanayofanyika ndani ni ya ndani. Mimi mwanamke mwenzao nilichezwa najua mipaka iko wapi na hata mimi kamera naiweka chini kuna mambo yakifika, somo, yule mama anayewafunda, akinitazama tu naelewa. Kazi yetu ni siku ya kutoka, wali (wale mabinti waliochezwa) wamepambwa, wamefunikwa kanga mpya, miamvuli, wamebebwa mabegani, ngoma, wajomba wanabandika noti, hapo piga mpaka kadi ijae.

Ila kuna vijana wanapiga wale watoto wanarusha mitandaoni saa hiyo hiyo na maneno ya kuchekesha. Yule ni mtoto wa mtu, kesho yuko darasani na wenzake wana simu. Hela ya mzazi umekula, picha mpe mzazi, basi.

Na singo na kichen pati siku hizi wananiita mimi kwa sababu bibi harusi anataka kucheka mdomo wazi bila kujifunika, mwanaume akiwepo wote wanakaa kama wapo msibani.

Mzee wa Fleshi

@Binti Mikindani salama dada, na umesema yote, sina la kuongeza. Kwa wasiojua, watoto wengi huku wanachezwa likizo ya Juni na ya Desemba ili wasikose shule, kwa hiyo Desemba harusi na unyago vinagongana na mimi za unyago nampasia huyu dada, na yeye ananipasia zile za kanisani zenye ngazi na gari refu. Hatujawahi kugombana isipokuwa kwenye hela ya nauli.

Sasa bahari. Mdau aliyeniuliza kumbe alichotaka hasa ni hiki, aliona picha zangu za pwani akadhani ndo kazi yangu. Sio. Za pwani hakuna anayenilipa. Ila zile ndo nazoangalia usiku nikikosa usingizi.

Ubaya wa maisha yangu uko hivi. Kusi inavuma kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, bahari chafu, maji yamevurugika, upepo unakutingishia tripodi. Kaskazi ikishika kuanzia Desemba nayo inapiga mpaka mwezi wa tatu, na mvua zetu ziko humo humo. Katikati ya hizo pepo mbili, Oktoba na Novemba, bahari inatulia kama mafuta kwenye sahani, maji yanakuwa ya kioo unaona matumbawe umesimama. Oktoba na Novemba! Yaani miezi ile ile ambayo sina hata muda wa kunyoa. Bahari inafungua duka siku ambayo mi niko zamu kwingine. Kwa hiyo nimejifunza kuiiba, asubuhi moja moja, kabla ya harusi.

Na wizi huu unahitaji hesabu. Pwani yetu hii bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kukauka sana, lina tabia yake, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na yanakupwa kabisa kwenye saa nne na kitu asubuhi. Wageni wanasoma mtandaoni "nenda wakati wa bamvua maji yanakauka mbali sana" wanaenda, ni kweli yanakauka mbali, ila saa nne hiyo jua lishakuwa kali, mwamba unamemetuka, picha imekufa. Ukisubiri maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, unakuta yanakupwa alfajiri kweli lakini hayaendi mbali, mwamba hauonekani vizuri. Mimi siku zangu ni mbili au tatu kabla ya mwezi kuandama au kabla ya mpevu. Hapo yanakupwa saa mbili hivi na yanakuwa yameshasogea mbali ya kutosha, na Novemba jua linatoka saa kumi na moja na dakika arobaini na kitu, kwa hiyo nina masaa mawili ya mwanga mzuri huku maji yanashuka na kila dakika kumi kuna kidimbwi kipya kimebaki na anga ndani yake. Saa tatu nimeshanawa miguu niko kwenye boda narudi kuvaa shati la harusi.

Dar Mpaka Moro

Mkuu samahani ila naona unajitesa. Picha za bahari hazikulipi, unaamka saa tisa usiku, unaharibu vifaa vya kazi kwa chumvi. Lala ukapige harusi ukiwa fresh. Biashara ni biashara.

Mzee wa Fleshi

@Dar Mpaka Moro uko sahihi kuliko unavyojua, ngoja nikupe mfano ukanipigie nao.

Kuna mwaka nilivuka kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, nikalala kwa rafiki, alfajiri nikashuka mwambani upande wa bahari kuu. Kulikuwa na kina mama wa pweza kama kumi na mbili, kila mtu na fimbo yake yenye chuma na ndoo, wanakwenda shimo kwa shimo. Mi napiga tu. Wameinama, mwanga wa pembeni, kanga zimefungwa kiunoni, nikawa najiona fundi mkubwa. Bi mkubwa mmoja akainuka akaniita, we mwanangu. Nikamwambia shikamoo mama. Marahaba. Akaniuliza, nyie wenye kamera wote mkija hapa mnatupiga tumeinama, mnatupiga kwa nyuma, kwani sisi hatuna sura?

Wenzie walicheka mpaka mmoja akamwachia pweza akarudi shimoni. Mi nilikosa jibu kabisa. Nikaanza kufikiria picha zote za pweza nilizowahi kuona na zangu zote, ni migongo. Migongo mitupu. Na huyu mama hajasoma upigaji picha popote.

Kwa hiyo nikaweka begi juu ya mwamba nikawasogelea, nikaanza kuwapiga sura, wanaongea, wanabishana nani kachukua shimo la nani. Ikawa nzuri. Ikawa nzuri mno, nikasahau saa. Bahari haijai kwa mbele jamani, hicho ndo kitu kinachoua wageni. Wewe unatazama mawimbi kule mbali unaona bado yako mbali, kumbe maji yameshapita mkondoni yanakuzunguka kwa nyuma, kati yako na nchi kavu. Yule yule bi mkubwa akaniambia taratibu tu kama mtu anakwambia umefungua zipu, "Mwanangu geuka nyuma." Nageuka, begi linaelea.

Fleshi moja ikafa, lenzi ya 85 ikafa, kamera ya pili ikafa nusu. Betri niliitoa hapo hapo sikuijaribu kuwasha, nikaipeleka Dar kwa fundi ikarudi ikiwa hai ila inalialia mpaka leo. Kesho yake nilikuwa na harusi Masasi! Nilimpigia Binti Mikindani analala, akaniazima lenzi yake, hiyo harusi nzima nimepiga na vitu vya kuazima huku soksi zina mchanga.

Nikapata hasara ya laki saba na kitu. Kwa hesabu yako mkuu nilitakiwa niache. Badala yake nilienda kuprinti zile sura, moja moja, nikamrudishia kila mama ya kwake. Bi mkubwa kaitundika ukutani pembeni ya kalenda ya AMCOS.

Siku hizi begi linakaa mgongoni, na saa ya simu naiweka ilie nusu saa kabla maji hayajageuka. Nikirudi naifuta kamera na kitambaa cha maji baridi kilichokamuliwa vizuri, chumvi ukiifuta kavu inakwangua kama msasa. Tripodi naifungua miguu yote naisuuza bombani. Na mchele hausaidii kitu acheni kuharibu mchele, nunueni vile vifuko vya kunyonya unyevu mweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, lenzi zilale humo, vinginevyo fangasi wa huku pwani wanaota kwenye kioo kama utando wa buibui na hawatoki.

Nahodha wa Kitunda

Naona Mtwara Mtwara Mtwara, kuchele kuchele, Lindi mmetufuta kwenye ramani? Kwanza mjini kwetu pale ufukweni unatazama jua likitoka upande wa Kitunda, kivuko kinakata katikati ya ghuba, hulipi kiingilio, chai ya tangawizi iko mita hamsini. Mashamba ya chumvi je? Jua likizama yale maji yaliyotuama yanakuwa mekundu. Mikindani mnachopiga ni milango tu.

Binti Mikindani

@Nahodha wa Kitunda milango ina kosa gani 😂 boma la Wajerumani limejengwa 1895 na kabla ya hapo Livingstone alipita hapa 1866 akaingia bara hakurudi tena pwani akiwa hai. Ila kweli nakubali, kila mgeni anapiga mlango mmoja ule ule na mtoto mmoja ule ule amesimama mlangoni. Yule mtoto sasa hivi yuko form two.

Mzee wa Fleshi

@Nahodha wa Kitunda mkuu nisamehe, chumvi za Lindi ni kweli kabisa, nimepiga pale na sijapata picha ninayoipenda bado, labda ndo maana nakwepa kuitaja. Na Kilwa iko mkoa wenu pia, usisahau kujisifia. Msimu ukiisha, Februari, harusi zimepungua na hela bado haijaisha, ndo naenda Kilwa. Unashuka Nangurukuru unakata kwenda Masoko, unalipia kibali pale ofisini kabla ya kupanda mashua. Kisiwani kuna Msikiti Mkuu, kuna Gereza, na Husuni Kubwa iko pembeni ukingoni. Ibn Battuta alifika 1331 akasifia mji. Magofu yale pamoja na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Kupiga picha mule ndani ya msikiti ni raha sana ile saa tatu, mwanga unaingia toka sehemu zilizobomoka unatua kwenye nguzo moja moja, unahama na jua kama unafuata mtu. Ila kusema kweli mi hukaa zaidi Kivinje, nyumba za zamani zinaanguka polepole na watu bado wanaishi humo, mtu anakaanga samaki chini ya balkoni ya miaka mia na ushei. Magofu yenye watu nayapenda kuliko magofu yenye kibao.

Mgeni wa Bara

Msimbati je? Na nikija na droni? Na nyangumi ni kweli wapo?

Mzee wa Fleshi

Msimbati ni hifadhi ya bahari, ile ya ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, toka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio lipa uombe risiti. Kama kilo 40 na kitu toka mjini, mwisho gari linatembea kwenye mchanga, kama huna uzoefu chukua boda. Visima vya gesi viko maeneo yale, usielekeze kamera huko, utaeleza kwa watu wasiocheka. Droni mpaka vibali vya TCAA, wale wa mamlaka ya anga, na wenzao na hapa ni mpakani, mi sirushi. Nyangumi wapo, wale wenye nundu, wanapita kuanzia Julai mpaka Novemba hivi. Mi nimeona mgongo mara mbili, mara zote kamera ilikuwa kwenye begi.

Kangomba Mstaafu

Albamu unaprinti wapi? Mi ya harusi yangu ilikaa mwaka.

Mzee wa Fleshi

Dar, zinakuja kwa basi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na ile mvua, barabara ikakatika Somanga, albamu zangu nne zikakaa ng'ambo na mimi nikawa napokea simu za kina mama wakwe kila asubuhi kama vile mi ndo niliyekata barabara. Sasa hivi albamu za harusi ya Desemba nazituma mapema mvua hazijakolea.

Wakuu nilale. Kesho ni siku mbili kabla ya mpevu, yanakupwa saa tatu kasoro, na harusi ni saa nane Ziwani. Navuka Msangamkuu na mtumbwi wa kwanza.

Kangomba Mstaafu

Geuka nyuma mkuu.

Mzee wa Fleshi

Nimerudi. Mawingu yalifunga toka jua linatoka mpaka natoka, bahari ya kijivu kama sufuria, sijapata picha hata moja ya kuonyesha watu. Ila nimekutana na yule bi mkubwa. Kaniuliza bei ya kumpiga mjukuu wake akitoka unyagoni mwezi wa kumi na mbili, nikamwambia mama hiyo kazi ya Binti Mikindani, akasema nataka mje wote wawili, wewe upige huku nje. Nikamtajia bei. Akafungua ndoo akatoa pweza wawili, mmoja bado ananyonga mkono, akasema advansi hiyo hapo.

Nimepokea. Mnaotaka kusema nimekula kangomba semeni, mi nawasha mkaa, shati la harusi Binti atanipigia pasi nikimpelekea huyu mmoja.

Binti Mikindani

Lete wote wawili.